Nitumie Kile Kinene

Kituoni, 3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwanza, usije ukasema Dada huandika akiwa na shida tu. Shida ninayo, ndiyo, lakini salamu nazo ninazo. Hujambo? Cherehani haijambo? Yule mteja anayetaka suti impunguze tumbo bila yeye kupunguza tumbo lenyewe, mmefikia wapi? Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie ninakula, ninavaa soksi, na sijalala na nywele mbichi hata siku moja. Atauliza hayo matatu kwa mpangilio huo huo.

Mimi mzima. Kituo kiko juu kabisa mlimani: nyumba tano za matofali na jengo moja refu ambamo maji husafishwa kabla hayajateremka mjini. Simu haishiki. Mtandao hakuna, na si kwa umaskini. Wameukata makusudi, ili mtu aliye mbali asije akachezea mitambo inayotia dawa kwenye maji ya watu. Kwa hiyo ukiwa na neno, liandike, umpe dereva wa gari la mahitaji. Hupanda huku kila baada ya wiki mbili.

Nimekuta programu ya kompyuta ya zaidi ya miaka ishirini, imeandikwa kwa lugha niliyoitumia nilipoanza kazi. Aliyeiandika alistaafu na hakuna ajuaye alipo. Ndiyo inayoendesha pampu ya dawa. Inafanya kazi vizuri siku nyingi, halafu ghafla inanyamaza, na pampu inasimama bila kengele wala taa. Wafanyakazi wa hapa wamejifunza kuizima na kuiwasha kila Jumapili ya pili, "ili ipumzike," wanasema, utadhani ni punda. Na kila ikiwashwa upya, dawa huenda ovyo saa nzima kabla ya kutulia. Nimeletwa niikomeshe tabia hiyo.

Sasa shida yangu. Chumbani kwangu, rafu ya juu, kuna vitabu vinne vya kompyuta: cha kijivu, cheusi, cha bluu, na kile kinene cha jalada la kijani, kurasa elfu moja na kitu. Nitumie vyote. Ikishindikana, nitumie kile kinene. Niliviacha nikidhani siku hizi kila jibu liko mtandaoni. Huku mtandao hauko, na jibu limebaki kwenu.

Usimwambie Mama kuwa kuna baridi.

Dada yako

—

Nyumbani, 19 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara nne na inanuka mafuta ya gari. Cherehani haijambo. Mteja wa suti nilimwambia ukweli: nguo inaficha, haitibu. Alikasirika, kisha akaagiza mbili.

Mama hajambo. Anakula, kidogo kidogo. Analala vizuri siku hizi kuliko mwezi uliopita. Habari ya baridi ameipata, maana mimi humsomea barua zako kwa sauti, na onyo lako uliliweka mstari wa mwisho. Nilipofika hapo nikawa nimeshatamka "baridi." Matokeo yake ni koti lililomo kwenye kifurushi hiki. Mkaguzi alikuwa yeye: kila mshono nilimpelekea chumbani aukague, na mkono wa kushoto nimeufumua mara mbili. Ukiona bado haujakaa sawa, lalamika kwake.

Kuhusu vitabu, nilipanda kiti nikatazama. Nakutumia cha kijivu. Hivyo vingine nitaangalia.

Lakini Dada, niulize kwa adabu. Wewe una miaka ishirini na moja kwenye kazi hiyo. Watu wazima wanakupigia simu kukuuliza. Kuuliza si ujinga, nakubali, ila mimi na miaka yangu kumi na tano ya cherehani, ukinikuta nimefungua kitabu cha "Jinsi ya Kutia Uzi Kwenye Sindano," utaniletea suruali yako? Vitabu vile si vya wanaoanza? Nilidhani mtu akishajua, anajua.

Tena vizito. Dereva analalamika hata kwa barua.

Mama anasema usome taratibu, usiwe na haraka.

Kitindamimba wenu

—

Kituoni, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Koti nimelivaa tangu lilipotoka kwenye kifurushi. Mkono wa kushoto umekaa vizuri kuliko mkono wangu wenyewe. Mshukuru Mama, umwambie fundi naye amejitahidi. Anakula kidogo kidogo kwa nini? Mpikie anachokipenda, usimpikie unachokijua.

Umeniuliza swali zuri, ingawa umelifunga kwenye sindano ili unicheke. Nikujibu.

Wewe si una lile daftari la vipimo vya wateja? Mabega, kiuno, urefu wa mguu, tangu ulipoanza kazi. Kwa nini? Fundi wa miaka kumi na tano si amtazame mtu tu mlangoni ajue kiuno chake? Najua utajibu nini: watu hunenepa. Basi na lugha za kompyuta hunenepa. Tena kuna mashine hii na mashine ile, na lugha ile ile ikivaa mashine nyingine inabana kwapani.

Anayeanza husoma kitabu tangu ukurasa wa kwanza, kama hadithi. Mimi sikisomi, nakiuliza. Najua kuna kitu fulani, najua kinafanana na nini, najua hata kiko upande gani wa ukurasa. Ninachotaka ni neno lenyewe, kamili, bila "nadhani." Na jambo jingine, ambalo nimelijua uzeeni: anayeanza hufungua kitabu kwa sababu hajui. Mimi nafungua kwa sababu najua, na ninachokiogopa ni kile ninachokijua.

Kosa la hapa nimeshalinusa. Programu inahesabu dakika tangu ilipowashwa. Kuna namba kubwa kuliko zote ambayo kisanduku chake cha kutunzia hesabu kinaweza kubeba: elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Zigeuze dakika hizo ziwe siku, unapata ishirini na mbili na robo tatu. Baada ya hapo kisanduku kimejaa. Swali ni moja tu: kikijaa, kwenye mashine hii, kinafanya nini? Ninavyokumbuka, namba hugeuka juu chini ikawa hasi. Kama ni hivyo, dawa yake ni mistari miwili. Lakini "ninavyokumbuka" si kitu cha kutia kwenye maji ya mji mzima. Hapa hakuna mashine ya pili ya kujaribia, na hii moja ndiyo inayowanywesha watu.

Kitabu cha kijivu hakisemi. Kile kinene kinasema, naapa. Mkuu wa kituo, mama mmoja mrefu asiyecheka, amesikia kuwa nangoja kitabu. Ameniambia mbele ya watu, "Niliomba mtaalamu, wameniletea mwanafunzi."

Nitumie kile kinene.

Dada yako

—

Nyumbani, 20 Aprili

Shikamoo Dada,

Hilo la daftari la vipimo umenipiga nalo mahali pake. Nilimsomea Mama, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Amekukamata." Kikohozi ni cha hali ya hewa tu. Watu wengi huku wanakohoa.

Huyo mkuu wako mwambie aje kwetu nimpime sketi, nimwambie, "Niliomba mteja, wameniletea mnara."

Kile kinene nilikuwa nimemwazima mtu. Mtu huyo kasafiri. Akirudi nitamfuata. Kwa sasa pokea hiki cheusi, huenda kitakusaidia. Mimi sioni tofauti, vyote vina mabano mengi. Cha bluu sijakiona.

Nyumba salama. Mlango wa uani nimeubadilisha bawaba. Muuguzi anayekaa mtaa wa pili, yule mwenye baiskeli, hupita kutusalimia mara kwa mara. Ni mtu wa watu. Mama anakusalimu sana, anasema usijali chochote, ufanye kazi yako umalize.

Nakatisha hapa, nina sare za shule thelathini na zote zina mifuko.

Kitindamimba

—

Kituoni, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo sina utani, nisamehe.

Kitabu cheusi kimefika. Kwenye jalada lake kuna shimo la duara, upana wa kifuniko cha chupa, limezama kiasi kwamba kurasa arobaini za mwanzo zimepinda nalo. Kitabu hakipati shimo kama hilo kwenye rafu. Kitu kizito kimekikalia, siku nyingi, mahali pamoja, bila kusogea.

Unajua kazi yangu ni nini hasa? Watu wanadhani ni kuandika. Kazi yangu ni kutafuta kosa lisilojiandika lenyewe. Hutazami kinachosema tu, unatazama pia kilichonyamaza. Kwa hiyo nimezipanga barua zako mezani, kama ninavyopanga kurasa za programu.

Koti ulimpelekea chumbani alikague. Mama ninayemjua mimi hukaa kwenye kiti kando ya cherehani yako na kukuudhi.

Analala vizuri "kuliko mwezi uliopita." Mwezi uliopita alilalaje?

Muuguzi hapiti na baiskeli kusalimia watu mara kwa mara. Mtaa wetu una mlima.

Anataka nisijali chochote. Hajawahi kuniambia nisijali. Huniambia nivae soksi.

Na kubwa kuliko yote: tangu nikiwa bwenini, barua yoyote ikitoka nyumbani, Mama huongeza mstari wake mwishoni kwa mkono wake, hata kama ni neno "haya." Barua zako mbili hazina mstari huo.

Mficha maradhi... malizia mwenyewe, mimi siwezi.

Najua kwa nini mtu huficha. Nitakuambia langu, nawe uniambie lako. Mlipouliza kwa nini niliacha kazi ya mjini, nilisema nimechoka na foleni. Si kweli. Mwaka jana nilirekebisha programu inayopanga tarehe za wagonjwa kwenye hospitali moja kubwa. Kulikuwa na jambo dogo kuhusu jinsi lugha ile inavyohesabu miezi. Nililijua. Kitabu kilikuwa mezani, mkono wangu ukifika, sikukifungua, kwa sababu nililijua. Watu mia mbili wakafika hospitali siku zisizo zao. Wengine walikuwa wamesafiri siku nzima. Nilikwenda pale mapokezi, nikamwona mzee mmoja amekaa kwenye benchi na begi lake la nguo, anamuuliza kila anayepita kama daktari amekuja. Sikumwambia kuwa ni mimi. Wiki iliyofuata niliacha kazi. Tangu hapo siandiki hata mstari mmoja bila kwanza kuhakikisha, na vijana niliofanya nao kazi walidhani nimeanza kusahau. Labda nimeanza. Ndiyo maana nataka kitabu.

Basi. Hilo ndilo langu. Kitabu changu kinene kiko chini ya nini?

Dada

—

Nyumbani, 14 Mei

Shikamoo Dada,

Kiko chini ya kitanda cha Mama. Chini ya mguu wa kitanda, upande wa kichwa, kushoto.

Niliandika sentensi hiyo jana nikashindwa kuendelea, nikaenda kushona. Leo naendelea.

Mwanzoni mwa Februari, wiki ile ulipokuwa unafunga mizigo, Mama alianza kupumua kwa shida akilala. Alikukataza ukiwa mlangoni usiingie chumbani kwake siku ya kuaga, unakumbuka? Alisema ana mafua. Siku tatu baada ya kuondoka kwako, alasiri, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. Nilimkimbiza kwa daktari. Moyo umechoka, Dada. Haupigi kwa nguvu inayotakiwa, na akilala chali maji yanapanda kifuani. Wametupa dawa. Wakaniambia: kitanda chake kiinuliwe upande wa kichwa, leo hii, kisitikisike.

Nilirudi naye nikatafuta. Vipande vya mbao vilikuwa vinateleza sakafuni. Madebe yalipiga kelele. Mama mwenyewe akiwa amesimama ameegemea ukuta, nikaviona vitabu vyako. Kile kinene chini ya mguu mmoja. Cha bluu na cheusi vimepandana chini ya mguu wa pili. Vilitoshana, Dada, hata unywele haukuzidi, kana kwamba mchapaji alijua. Kitanda kilitulia. Akalala, akavuta pumzi, akaniambia, "Hapa." Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Ndiyo sababu ulipata cha kijivu kwanza. Hakikuwa na kazi. Cheusi nilikitoa nilipopata ubao wa unene ule ule. Kile kinene nilijaribu. Nilileta matofali, yamekatwa vizuri kabisa. Mama aliyatazama akasema, "Nikilala juu ya matofali najiona mgonjwa. Nikilala juu ya vitabu vyake najiona nimeinuliwa na mtoto." Matofali nikayarudisha uani.

Na ni yeye aliyekataa nikuambie. Alinishika mkono: "Ataacha kazi aje kukaa hapa kunitazama navuta pumzi. Ameshaacha moja, na hasemi kwa nini." Anajua, Dada. Hajui nini, lakini anajua. Mstari wake hakuandika kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka na alijua ungesoma mwandiko kabla ya maneno.

Barua yako ya mwisho nilimsomea. Nilitaka kuruka lile la hospitali, akaniona nimeruka, akasema, "Rudi." Nikarudi. Nilipomaliza alichukua barua akaikunja. Kisha akasema niite seremala, leo, na watu wawili wa kuinua kitanda. Nikamwambia, "Mama, si ulikataa?" Akasema, "Nilidhani anakitaka. Sikujua anakihitaji."

Seremala ametengeneza magogo mawili yenye vishimo vya kushika miguu ya kitanda. Mama kayakagua kama alivyokagua koti lako. Amelala juu yake siku tatu sasa na hajalalamika, ila anasema hayana maneno.

Pokea kitabu chako. Nimekifuta vumbi. Shimo liko jalada la nyuma, sijui kama limeharibu kitu.

Mimi sikutaka kukudanganya. Nilikuwa naogopa. Sitaki kueleza zaidi.

Kitindamimba

*Mwanangu. Nimekiatamia kitabu chako miezi mitatu kama kuku na hakijaangua kitu. Jaribu wewe. Sijakasirika kuhusu ile hospitali. Vaa soksi. Mama.*

—

Kituoni, 21 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii naiandika haraka, na huenda nikafika kabla yake.

Siku gari lilipoleta kifurushi nilisoma barua yako nimesimama. Nikaenda chumbani, nikatia nguo kwenye begi, nikarudi uwanjani, nikamwambia dereva nashuka naye. Mkuu wa kituo alikuwa pale anahesabu magunia ya dawa. Akatazama begi, akatazama kitabu nilichokibana kwapani.

"Hicho ndicho?" akauliza.

"Ndicho. Lakini mama yangu anaumwa. Naondoka."

Aliacha kuhesabu. Kisha akasema, "Nipe siku nne. Kazi ikiisha, nitakushusha mimi mwenyewe kwa gari langu hadi mlangoni kwenu. Ukiondoka sasa, nabaki na mashine ambayo hakuna anayeielewa isipokuwa wewe. Kama mama yangu angekuwa anaumwa, nami ningetaka kuondoka; sikuombi hili kwa uso mkavu, kwa hiyo utazame vizuri uso wangu."

Niliutazama. Nikaweka begi chini. Mdogo wangu, sijui kama nilifanya vema. Siku nne zile nilikula mara nne.

Jibu lilikuwa ukurasa wa mia sita na kumi na moja, maandishi madogo chini ya jedwali. Kwenye mashine ya aina hii, kisanduku kikijaa, namba *haigeuki* kuwa hasi. Inasimama pale pale, kimya, na haipandi tena. Programu inabaki inangoja dakika inayofuata, na dakika hiyo haiji kamwe. Unaelewa? Nilikuwa nakumbuka mashine nyingine. Ile mistari miwili niliyokuwa nayo kichwani ingekaa pale ikisubiri namba hasi mpaka kiama, na mimi ningeondoka hapa nikiwa nimewaambia watu waache kuizima na kuiwasha.

Na pembeni mwa maandishi yale, kwa kalamu ya risasi, kuna mwandiko wangu wa nilipokuwa na miaka ishirini na minne: "USIJE UKASAHAU HILI." Nilicheka peke yangu mpaka fundi wa pampu akaja kuchungulia.

Nimeandika upya sehemu ile, sasa inahesabu dakika za siku moja tu kisha inaanza upya. Kila nilichogusa nimemwandikia mkuu kwenye karatasi, na namba ya ukurasa kando yake. Alizifuata kurasa kwa kidole, mstari kwa mstari, na hakuniuliza mimi; aliuliza kitabu. Mwishoni akasema, "Kumbe mwanafunzi ndiye anayefaa." Hakucheka, lakini nimeshamzoea.

Jana saa kumi alasiri tuliiwasha. Tutajua baada ya siku ishirini na mbili na robo tatu. Kesho asubuhi tunateremka.

Mwambie nakuja. Usimwambie nimekonda.

Dada

—

Kituoni, 16 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hamjambo? Nilifika salama kwa gari la mahitaji. Mpe Mama shikamoo, umuulize miguu imevimba au imetulia, na safari hii uandike jibu kama lilivyo, hata likiwa baya. Umwambie pia kuwa nilipofungua begi huku nilikuta soksi jozi sita ambazo sikuziweka.

Kwanza nikupe habari ya mashine. Tarehe kumi na mbili tulikaa chumba cha mitambo tangu asubuhi: mkuu, fundi wa pampu, na mimi. Muda wake ulikuwa saa nne na dakika saba. Saa nne na dakika sita mkuu alianza kukuna shingo. Ikafika dakika ya saba, ya nane, ya tisa. Pampu ikaendelea kutia dawa, tone kwa tone. Hakuna kilichotokea. Tulikaa hadi saa sita mchana tukitazama hakuna kinachotokea, na nakuambia sijawahi kufurahi hivyo kazini. Fundi wa pampu amesema Jumapili sasa atakwenda kwao. Kitabu nimekiacha pale mezani, chumba cha mitambo. Mkuu amekitengenezea kisanduku cha mbao na ameandika juu: "Asitoke nacho mtu."

Sasa jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Nilikaa nyumbani siku kumi na nane. Nilikuona ukimwinua Mama bila kumshika kwapani, kwa sababu pale panamuuma, na sijui ulijifunza lini. Niliona umeandika saa za dawa kwa chaki kwenye ukuta, na kwamba unakata vitambaa ukiwa umegeukia mlango wa chumba chake ili usikie. Nilikuona asubuhi ukikaa kitako ghafla kwenye ngazi kama mzigo uliokatwa kamba. Nyote wawili mlizungumza nami habari za mapazia tu.

Uliandika kwamba ulikuwa unaogopa, na kwamba hutaki kueleza. Nilielewa bila maelezo. Uliogopa kwamba angekufa wakati mimi siko, mikononi mwako, na kwamba ningeuliza kwa nini hukuniambia, na kwamba swali hilo lingekaa kati yetu maisha yetu yote yaliyobaki.

Siku ya kuondoka, pale mlangoni, ulikuwa umebeba begi langu. Nilitaka kukuambia. Nilifungua mdomo, nikasema, "Funga mlango, kuna upepo." Ukafunga. Gari likaondoka.

Basi nakuambia sasa. Kama Mama angekufa mwezi wa Machi, au akifa kesho nikiwa huku juu, sitauliza swali hilo. Hata moyoni. Mimi ndiye niliyeondoka wakati mlango wa chumba chake umefungwa, nikaamini mafua kwa sababu ilinifaa kuamini. Wewe ulibaki. Hukunificha Mama, ulimbeba, ukanibebea na mimi. Sijawahi kukushukuru kwa jambo lolote tangu uzaliwe, maana wewe ni kitindamimba na tulidhani umezaliwa ili utumwe dukani. Asante, baba.

Mkataba wangu unaisha Agosti. Nimewaandikia kuwa sitauongeza. Nikirudi, zamu za asubuhi ni zangu, wewe utalala.

Dada yako

—

Nyumbani, 27 Juni

Shikamoo Dada,

Miguu imevimba kidogo, wa kulia zaidi. Daktari ameongeza kidonge kimoja. Jana alitembea mwenyewe hadi kwenye cherehani, akakaa, akaniambia kola niliyokuwa nashona imepinda. Ilikuwa imepinda.

Barua yako ilifika juzi. Nilimsomea kwa sauti, kama kawaida, hadi pale pampu ilipoendelea kutia dawa na mkuu wako akatengeneza kisanduku. Mama alipiga makofi. Akauliza, "Ndiyo mwisho?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo mwisho.

Zile kurasa zilizobaki sikumsomea. Hizo ni zangu.

Mdogo wako